Homa ya Siku Tatu Nyakato: Nani Analipia Mapumziko?

Barabara ya Musoma inapopita Nyakato, jijini Mwanza, huanza kujaa watu kabla jua halijachomoza. Wapo wanaoelekea kwenye mageti ya viwanda kusubiri msimamizi atoke achague watu wa siku hiyo. Wapo mafundi wa kuchomelea na wa gereji, wapo bodaboda waliolala usiku wa manane, wapo mama ntilie ambao moto wao umeshawaka. Asubuhi yoyote ile, baadhi yao wanaumwa. Huyu ana homa, yule anaharisha, mwingine kifua kinambana au mgongo umekaza. Wanajua kuwa wanaumwa, na walio karibu nao wanaliona hilo. Wamekuja kwa sababu kibarua asiyefika leo halipwi leo, na kesho huenda nafasi yake ina mtu.

Maneno yetu juu ya watu hawa mara nyingi huwa mepesi. Tunawaambia wajali miili yao, waache ukaidi, wasingoje mpaka waanguke. Sikubaliani na lawama hiyo. Ndani ya swali la kupumzika au kuendelea na kazi mna maswali mawili yanayochanganywa. La kwanza ni la kitabibu: je, ugonjwa huu unataka mapumziko kweli, na ya muda gani? La pili ni la mfuko: siku nitakayolala, nani ataibeba? La kwanza lina majibu mazuri kuliko wengi wanavyodhani. La pili ndilo linaloamua, na ndilo tulilolipuuza.

Tuanze na malaria, kwa kuwa Kanda ya Ziwa haijaachana nayo. Tangu mwishoni mwa 2006 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini ni ALu, ile tunayoiita mseto. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita ndani ya siku tatu, jumla vidonge 24, na dozi ya pili hufuata baada ya saa nane. Kufikia siku ya pili wengi homa huwa imeshuka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aliyekuwa akitetemeka juzi anajiona mzima, anarudi kazini, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa ajili ya homa ijayo au anapewa jirani. Kinachoua vimelea ni dawa, si usingizi. Mtu anaweza kulala wiki nzima bila dawa na hali ikazidi kuwa mbaya. Hata hivyo mapumziko yana kazi yake: mwili wenye homa unapoteza maji, damu inapungua, chakula hakipiti, na anayetapika muda mfupi baada ya kumeza dawa lazima airudie. Mtu wa namna hiyo ukimpandisha juu ya paa kupiga misumari kwenye jua la saa saba mchana, unamwongezea ugonjwa wa pili.

Kipimo ninachokiona cha haki ni hiki: siku za dozi ziwe ndizo siku za mapumziko. Ni tatu tu. Anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, anayehema kwa shida, aliyepata degedege, anayeshindwa kusimama au anayekojoa mkojo mweusi hayumo tena katika swali la kulala nyumbani. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini ili mtu ajue anahitaji siku ngapi, kwanza ajue anaumwa nini. Tumezoea kuita kila uchovu malaria, na wakati mwingine ni mafua, ni homa ya matumbo, ni maambukizi ya njia ya mkojo, au ni kichocho, ambacho pwani ya Ziwa Victoria kimewachosha watu kwa vizazi. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Dakika hizo ndizo muhimu kuliko zote katika uamuzi huu, na ndizo zinazorukwa mara nyingi, maana duka la dawa liko njiani na kituo cha afya kina foleni. Matokeo yake mtu anameza diklofenaki, maumivu yanatulia, anafanya kazi ya siku nzima, na ugonjwa wenyewe unaendelea pale pale ulipokuwa. Dawa hiyo ikitumiwa siku baada ya siku huumiza tumbo na figo, hasa mwilini mwa mtu anayetokwa jasho na kunywa maji kidogo.

Yapo maradhi ambayo kulala sana hakusaidii, na hili halisemwi vya kutosha. Maumivu ya mgongo ndiyo mfano mzuri kwa wapakiaji wa mizigo, kuanzia maghala ya Nyakato hadi mwalo wa Kirumba. Utafiti wa Richard Deyo na wenzake huko Marekani, uliochapishwa 1986, uliwalinganisha wagonjwa wa mgongo walioshauriwa kulala siku mbili na walioshauriwa kulala siku saba. Walioambiwa siku mbili walipoteza siku chache zaidi za kazi, na wa siku saba hawakupona vizuri kuliko wao. Tangu hapo madaktari wengi duniani wameacha kumwambia mwenye mgongo ajifungie kitandani. Anahimizwa atembee na afanye shughuli ndogo ndogo. Ila kutembea si kubeba gunia. Kwa hiyo jibu la mpakiaji si kitanda wala gunia, bali kazi nyepesi kwa siku kadhaa: kuhesabu mizigo, kushona magunia, kufagia ghala. Mwajiri anayesema kwamba kwake kuna kazi nzima au hakuna kazi anamlazimisha mtu kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote yanamdhuru.

Kifua kikuu kina historia inayostahili kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa sababu mapumziko yaliwahi kuwa ndiyo dawa yake. Hospitali ya Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianzishwa 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo duniani kote mgonjwa alipewa hewa safi, chakula na kitanda kwa miezi mingi. Dawa zilipopatikana, swali likawa kama kitanda bado kinahitajika. Watafiti wa Madras, India, walianza 1956 kuwagawa wagonjwa kwa kura: baadhi walilazwa hospitalini wakapumzika na kula vizuri, wengine walitibiwa kwa dawa hizo hizo majumbani mwao, katika vyumba vilivyosongamana, kwa chakula duni na mapumziko machache zaidi. Matokeo yalipotolewa 1959 makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Dawa ndiyo iliyokuwa ikiponya. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa hapa kwetu Afrika Mashariki, pamoja na Zambia, yalionyesha kwamba tiba yenye rifampisini inaweza kukamilika kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu. Kuanzia 1977 daktari Karel Styblo alishirikiana na mpango wa taifa wa Tanzania kujenga utaratibu wa matibabu ambao baadaye ulienea duniani kote.

Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu mfanyakazi anayekohoa wiki ya tatu Nyakato bado anaogopa jambo ambalo lilishapita. Anadhani akipimwa na kukutwa na kifua kikuu, maisha yake ya kazi yamekwisha. Ukweli ni kwamba kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu kwa dawa, uambukizaji hupungua sana baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, na baada ya hapo mtu hurudi kazini kadiri nguvu zinavyorudi huku akiendelea na dozi. Vipimo na dawa ni bure. Kinachokosekana ni wiki mbili za chakula nyumbani. Kwa kukosa wiki mbili hizo anaendelea kukohoa kwenye chumba cha kazi chenye watu wengi.

Upande mwingine wa jambo hili nao usifichwe: wapo wagonjwa ambao juhudi huwarudisha nyuma. Baadhi ya waliougua UVIKO, na wengine waliopitia homa kali za virusi, wanajikuta miezi kadhaa baadaye wakifanya kazi siku moja na kuanguka siku mbili zinazofuata. Kwa muda mrefu waliambiwa wajikaze, waongeze mazoezi kidogo kidogo. Mwaka 2021 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kiliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa wa uchovu sugu wa aina hiyo. Kinachowafaa zaidi ni kugawa nguvu: kufanya chini ya uwezo wao wa siku hiyo na kusimama kabla mwili haujagoma. Mtu wa namna hii mtaani kwetu huitwa mvivu. Inaumiza, kwa sababu mara nyingi ni yule yule aliyesifiwa kwa uchapakazi kabla hajaugua.

Na wapo wenye seli mundu, ambao kwao swali hili ni la kila siku. Uchunguzi wa damu za watoto wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa 2018 na watafiti walioshirikiana na hospitali ya Bugando, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano anabeba kinasaba cha ugonjwa huo, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 anao ugonjwa wenyewe. Baridi, kukosa maji na kazi ya kuchosha huweza kuamsha maumivu makali. Katika mji ambao ajira nyingi ni za kusimama kwenye vyumba vya baridi au kwenye jua kali, kijana mwenye seli mundu anahitaji kunywa maji na kupumzika kabla hajaugua, na hakuna cheti kinachotolewa kwa ugonjwa ambao bado haujaanza kuuma siku hiyo.

Hadi hapa nimezungumza kama vile mgonjwa yuko peke yake. Hayuko peke yake. Anayeharisha akachambua mboga au kuosha vyombo vya mgahawa anawalisha wengine ugonjwa wake. Bodaboda mwenye mafua aliyemeza piriton asubuhi anaendesha akiwa na usingizi, na nyuma yake yuko mama mwenye mtoto. Mwanza inajua gharama ya uchafuzi wa chakula. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki kutoka Ziwa Victoria, kwanza kwa bakteria wa salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, halafu kwa sumu zilizotumika kuvulia. Baada ya hapo viwanda vya minofu ya sangara viliweka maabara, mavazi meupe, maji yenye klorini na upimaji wa afya za wafanyakazi. Hayo yote ni mema. Lakini kanuni inayosema mwenye kuhara asiguse samaki inategemea mwenye kuhara aseme kwamba anahara. Akijua kwamba akisema atarudishwa nyumbani bila malipo, atanyamaza. Malipo ya siku ya ugonjwa kwa anayeshika chakula yanamlinda mlaji kabla hayajamfaa mfanyakazi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti kubwa ni cheti cha daktari, karatasi ile ambayo kazini tunaiita ED. Kwa mwalimu, nesi, karani wa benki, hili linafanya kazi. Kwao uamuzi wa kulala nyumbani ni wa kitabibu hasa, ingawa nao hawajapona ugonjwa wa kujikaza. Utafiti wa Mika Kivimäki na wenzake, uliochapishwa 2005, uliwafuatilia watumishi wa umma wanaume wa London. Wenye afya dhaifu ambao hawakuchukua hata siku moja ya ugonjwa walipata matatizo makubwa ya moyo takriban mara mbili ya wenzao wenye afya kama yao waliopumzika kwa kiasi. Watu hao walikuwa na mshahara wakiugua. Wenye presha wa ofisini Mwanza, wanaoahirisha kliniki kwa sababu ya taarifa ya mwisho wa mwezi, wasome matokeo hayo kwa makini.

Kibarua je? Kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Wengi huishia hapo, na waajiri wengine wangependa waishie hapo. Kifungu kinaendelea: mfanyakazi wa msimu anastahili likizo hizo, na vilevile yule aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yule yule, iwapo jumla ya vipindi vyake inazidi miezi sita. Kwa maneno mengine, kibarua anayeitwa, akaachwa, akaitwa tena kiwanda kile kile kwa sehemu kubwa ya mwaka anaweza kuwa na haki ambayo hajawahi kuambiwa. Kikwazo ni ushahidi. Anayelipwa mkononi bila kusaini popote ana haki isiyo na karatasi. Ndiyo maana ninawasihi vijana wa mageti waandike tarehe zao kwenye daftari, watunze vitambulisho vya siku na jumbe za malipo ya simu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza, husikiliza migogoro hii, lakini isiyohusu kuachishwa kazi inatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, hulipa aliyeumia kazini au aliyeugua kwa sababu ya kazi. Homa uliyoipata nyumbani haimo. Bima ya afya nayo hulipa daktari, vipimo na dawa. Siku iliyopotea hailipi. Tumekuwa na mjadala mrefu wa bima ya afya kwa wote, na sheria yake ikapitishwa 2023, lakini sikuona mjadala huo ukigusa mshahara wa siku tatu za mgonjwa aliyekwisha kupata dawa. Mtu anaweza kuwa na kadi mfukoni, mseto mkononi, na bado akaenda kazini akitetemeka.

Nje ya ajira hali ni ngumu zaidi, ingawa imezaa ubunifu. Bodaboda mwenye mkataba anadaiwa hesabu na bosi kila siku, awe mzima au mgonjwa. Akiugua humtafuta deiwaka, mwenzake asiye na pikipiki, ambaye huendesha, hupeleka hesabu na kubaki na ziada. Bosi hapotezi kitu, deiwaka anapata chakula, na mgonjwa hapati fedha ila anahifadhi nafasi yake. Huo ni utaratibu bora kuliko wa kibarua wa getini, na umebuniwa na vijana wenyewe kijiweni. Ungekamilika kama mikataba ya pikipiki ingeweka siku chache kwa mwaka zisizodaiwa hesabu kwa mwenye cheti, zikaongezwa mwishoni mwa mkataba. Bosi angezipata hesabu zake zote, kwa kuchelewa kidogo tu.

Kinachowatoa kitandani wanawake wengi wafanyabiashara ni marejesho. Siku ya marejesho ya kikundi haijui homa. Asipofika na fedha wenzake watamchangia kwa kununa, au mkopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, atakuja kuchukua televisheni na vyombo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Itakuwa imefanya kazi yake vizuri siku ambayo mkataba wa mkopo utalazimika kusema nini hutokea mkopaji akilazwa au kupewa mapumziko. Nyumbani kwake nako hapumziki. Baba akiugua analetewa uji; mama akiugua anaupika mwenyewe, au binti anabaki nyumbani badala ya kwenda shule ili apike, achote maji na kuuza genge. Siku ya ugonjwa ya mama mara nyingi hulipwa na mtoto wa kike, na hatuandiki hesabu hiyo popote.

Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinafanya kazi kubwa. Turubai, viti, sanda, usafiri wa kupeleka mwili Magu au Sengerema, vyote hupatikana kwa siku moja. Vingi hutoa pia mkono wa pole kwa aliyelazwa. Lakini aliyepewa vidonge akaambiwa alale nyumbani siku tatu hapewi kitu, kwa sababu hajafa wala hajalazwa. Tumejipanga vizuri kwa mwisho wa ugonjwa, na mwanzo wake tumemwachia mgonjwa mwenyewe, wakati mwanzo ndio wenye gharama ndogo na ndio unaoweza kuzuia mwisho huo.

Tupige hesabu ya mfano. Kikundi kina watu 30. Tuseme kila mmoja kwa mwaka anahitaji siku sita za mapumziko zenye cheti, na kikundi kinampa shilingi 5,000 kwa siku. Ni siku 180, yaani 900,000 kwa mwaka, sawa na 30,000 kwa kila mwanachama, chini ya 600 kwa wiki. Pingamizi la kwanza litakuwa udanganyifu, na jibu lake ni cheti cha kituo cha afya pamoja na mwanachama mmoja kwenda kumjulia hali mgonjwa, jambo ambalo tungelifanya hata bila fedha. Pingamizi la pili ni zito zaidi: msimu wa mvua homa huwapata watu kumi kwa wiki moja, na mfuko unaisha. Hapo kikundi hakitoshi, wala hakitoshi kwa wiki mbili za mwenye kifua kikuu au miezi ya aliyevunjika mguu nje ya kazi. Magonjwa hayo yanahitaji mfuko wa taifa wa aina ya ule wa fidia, unaomhesabu pia mtu asiye na mwajiri, na halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia kumi kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zina mahali pa kuanzia: majina ya vikundi hivyo tayari zinayo.